Haki ya Mchumaji Mgeni

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeiotesha miti na kuitoa matunda kwa nyakati zake, akaijaalia riziki ya mtu ipitie mikononi mwa mtu mwingine. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Kila tunda lina msimu wake, na msimu haumngoji mtu. Karafuu ikifunguka ua lake mtini, thamani yake imekwenda. Na yako matunda mengine, laini kuliko karafuu, yasiyongoja hata siku tatu. Kwa hiyo mwenye shamba, ambaye mwaka mzima hutoshewa na watu wachache, hufika wiki hizo akahitaji mikono mia; na mikono hiyo aghlabu si ya jirani, bali ni ya mgeni aliyevuka maji. Basi hapo hukutana haja mbili: haja ya mwenye shamba kwa mchumaji, na haja ya mchumaji kwa mwenye shamba. Na hapo ndipo Shetani huingia, kwani haja ni mbili lakini nguvu ni moja: aliye nyumbani kwake anazo, na aliye ugenini hana.

KUAJIRI NI HALALI

Na ajue Muislamu kwanza kuwa kumuajiri mtu kwa ujira ni jambo la halali, wala hapana aibu kwa mwenye kutoa wala kwa mwenye kupokea. Katika Sura ya Al-Qasas imesimuliwa khabari ya Nabii Musa, amani imshukie, alipokimbia Misri akafika Madyan, naye ni mgeni asiye na mali wala jamaa. Mmoja katika mabinti wawili aliowanyweshea wanyama wao alimshauri baba yake amuajiri, akamsifu kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee yule akamtajia Musa muda wa miaka minane, na kwamba akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Kisha akamjulisha kuwa hataki kumtia katika mashaka.

La kuzingatiwa ni kuwa watu huikumbuka sifa ya mwenye kuajiriwa, wakaisahau sifa ya mwenye kuajiri. Kila tajiri hupenda kibarua mwenye nguvu na uaminifu. Wachache ndio wanaojiuliza kama wao wamefanana na mzee wa Madyan, aliyeutaja muda kabla ya kazi, akaitenga lazima na hiari, akajifunga kwa ulimi wake kuwa hatamtaabisha mgeni.

Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alichunga kondoo za watu wa Makka kwa ujira. Na katika safari ya Hijra, yeye na Sayyidna Abubakar walimuajiri mtu wa Bani Dil awaongoze njia, naye wakati ule alikuwa katika dini ya makafiri wa Kureshi. Wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye awafikie kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu; naye akaja kama alivyoahidi. Katika khabari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza, yafaa kumuajiri asiyekuwa wa kabila wala wa dini. La pili, uaminifu wa kazi hauna kabila. Ikiwa mushriki aliyeajiriwa aliitimiza ahadi yake, Muislamu mwenye kuajiri ataivunja yake kwa udhuru gani?

KHABARI YA HUELVA

Ili jambo hili lifahamike, na itazamwe nchi moja ambayo kuajiri wachumaji wageni kumekuwa ndiyo nguzo ya maisha yake.

Kusini-magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, uko mkoa wa Huelva. Zamani nchi hiyo ilikuwa katika Andalusi ya Waislamu. Abu Ubayd al-Bakri, mwanajografia mashuhuri aliyekufa mwaka 1094, ni mtoto wa nyumba iliyotawala Huelva na kisiwa cha Saltés; na Imamu Ibn Hazm alifia upande huo huo mwaka 1064. Na kutoka Palos, bandari ya mkoa huo, merikebu za Columbus ziling'oa nanga mwaka 1492, mwaka ambao Granada, mji mkuu wa mwisho wa Waislamu wa Andalusi, uliingia mikononi mwa wafalme wa Kikristo.

Leo ardhi ya Palos, Moguer, Lepe na Cartaya imefunikwa mapaa ya plastiki, na chini yake hupandwa matunda madogo: stroberi, rasiberi na bluberi. Sehemu kubwa kabisa ya stroberi zote za Hispania hutoka katika mkoa huo, zikapelekwa Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na kwingineko. Mavuno hushika tangu miezi ya mwanzo ya mwaka hata Mei au Juni. Mche wa stroberi haufiki goti la mtu, na tunda lake likibonyezwa kidogo huharibika. Basi mchumaji huinama tangu asubuhi, akachuma moja moja kwa mkono.

Wenyeji walipoiacha kazi hiyo kwa uzito wake, wakaletwa wanawake wa Poland na Romania. Nchi hizo nazo zilipoingia katika Umoja wa Ulaya, Poland mwaka 2004 na Romania mwaka 2007, watu wake wakapata njia nyingine za riziki. Hispania na Morocco zilikuwa zimekwisha andikiana mapatano ya kazi mwaka 2001. Wakaanza basi kuletwa wanawake wa Morocco, Waislamu, kwa maelfu, msimu hata msimu, wakivuka mlango wa bahari wa Jabal Tarik, mahali pale pale walipovuka Waislamu wa kwanza wakienda kuifungua Andalusi.

Haki ni kusema kuwa wako walioshukuru. Mwanamke wa shamba, mjane au aliyeachwa, ambaye kwao alikuwa akipata ujira mdogo wa siku, na siku nyingine hapati kitu, alirudi na fedha ya kujengea nyumba, au kununua ng'ombe, au kusomesha watoto. Na mkataba wake, ukitazamwa maandishi yake, hauna ubaya: ujira umetajwa, saa zimetajwa, na makazi ni juu ya mwenye shamba.

Walakini maandishi ni jambo moja, na shamba ni jambo jingine. Mwaka 2018 baadhi ya wanawake hao walikwenda kushitaki kwamba hawakupewa ujira wala kazi kama walivyoahidiwa, na kwamba wamevunjiwa heshima zao na watu waliokuwa juu yao. Kuhukumu kila shitaka ni kazi ya mahakimu. Linalotosha kwa mazingatio ni hili: wengi katika wachumaji hao hawakujua kusoma, lugha ya nchi hawakuijua, kambi zao ziko mashambani mbali na miji, na ruhusa yao ya kukaa katika nchi ile imefungamana na tajiri mmoja. Mtu aliye katika hali hiyo akidhulumiwa, atamwendea nani? Na mwenye shamba akiyajua hayo, je, hayamzidishii dhamana mbele ya Mwenyezi Mungu?

Na mwaka 2020 Philip Alston, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza umasikini, alivitembelea vibanda walivyokaa vibarua wengine wageni wa Huelva, akasema kuwa hali yao yashindana na hali mbaya kabisa alizoziona popote duniani: umeme hakuna, maji yako mwendo wa kilomita, na choo cha maana hakuna. Hayo yalikuwa katika moja ya nchi tajiri za dunia, kando ya matunda yanayopangwa katika vikasha vizuri.

MTOTO ALIYEWEKWA RAHANI

Liko jambo moja katika khabari hii ambalo halimo katika mashitaka, nalo ndilo lenye kutisha zaidi kwa mwenye kufikiri.

Wanawake wale hawakuchaguliwa ovyo. Walitakiwa wawe wa mashambani, na wawe na watoto wadogo wanaowategemea, ambao watabaki Morocco. Na sababu yake haikufichwa: mama mwenye mtoto nyumbani hatatoroka, msimu ukiisha, atarudi kwao.

Na azingatie Muislamu. Katika sheria, rahani ni mali inayowekwa kwa ajili ya deni. Mtu huru hawekwi rahani, wala moyo wa mama si mali. Ni kweli kuwa hapana aliyeliandika neno la rahani katika mkataba, wala hapana mtoto aliyefungwa. Lakini mapenzi ya mama yametiwa katika hisabu ya biashara, yakawa ndiyo kamba. Kumchagua mwenye haja ili asaidike ni jambo la thawabu. Kumchagua mwenye haja kwa kuwa haja yake itamfunga ni jambo jingine, ingawa mkono unaotoa fedha ni mmoja. Na Mwenyezi Mungu huitazama nia.

Mwaka 2020 kamba hiyo ilionekana na kila mwenye macho. Maradhi ya korona yalipoenea, Morocco ilifunga mipaka yake mwezi wa Machi. Katika wanawake zaidi ya 16,000 waliotazamiwa mwaka ule, kiasi cha 7,000 walikuwa wamekwisha fika. Wakachuma. Ulaya nzima watu wamejifungia majumbani mwao kwa khofu, na stroberi zikafika mezani. Msimu ukaisha, na mipaka bado imefungwa. Wale waliochaguliwa kwa sababu hawana budi kurudi, wakazuiliwa kurudi. Kazi hakuna, ujira hakuna, na fedha waliyowawekea watoto ikaanza kuliwa huko huko ugenini. Miongoni mwao walikuwako waja wazito. Hata ulipofika mwezi wa Julai, ndipo meli zilipoanza kuwachukua kutoka bandari ya Huelva kuwarudisha kwao.

Kwa mujibu wa mkataba, kazi ilikwisha siku lilipochumwa tunda la mwisho. Kazi ilikuwa imekwisha. Mgeni alikuwa bado yuko. Na hapo ndipo hupambanuka mwenye kuajiri mikono na mwenye kuajiri mwanadamu.

Huenda msomaji akafanya haraka kuwalaumu wanawake wale, akauliza mahram wao wako wapi, na kwa nini mama ameacha watoto wake. Suali hilo lina mahali pake katika vitabu vya sheria, na wanavyuoni wamelisema. Lakini kabla ya kumuuliza mjane kwa nini amesafiri, na waulizwe kwanza wanaume wa mji wake: nani aliyempelekea unga? Nani aliyesimamia haki yake ya urithi? Nani aliyemdai mume aliyemtaliki masurufu ya watoto wake? Mwanamume aliyenyamaza katika hayo matatu hana ulimi wa kumlaumu katika la nne.

WACHUMAJI WA MWITUNI

Na jambo hili halikuwapata Waislamu peke yao, wala halina dini. Huko Finland, kaskazini kabisa ya Ulaya, matunda madogo huota yenyewe mwituni, na tangu mwaka 2005 walikuwa wakiletwa watu wa Thailand kuyachuma kila kiangazi. Watu hao hawakuandikwa kuwa ni vibarua. Walipewa viza ya ziara, wakahisabiwa kuwa kila mmoja ni mfanya biashara wa nafsi yake, achumaye kwa hiari na kuuza kwa kilo. Lakini nauli ya ndege, na malazi, na chakula, na gari la kumfikisha mwituni, vyote vilikuwa deni juu yake kabla hajaliona tunda moja. Mwaka ambao matunda ni haba, mtu aliweza kufanya kazi tangu alfajiri hata usiku, kisha akarudi kwao na deni badala ya faida. Mwaka 2024 serikali ya Finland iliacha kuwapa wachumaji viza za namna hiyo; na mwaka 2025 mahakama ya huko ikamtia hatiani mkuu wa kampuni moja, pamoja na mshirika wake aliyekuwa akiwakusanya watu kutoka kwao, kwa kosa la biashara ya wanadamu.

Fundisho lake ni kuwa jina halibadilishi hakika ya kitu. Mwenye kumleta mtu, akamuweka katika kambi yake, akampangia pa kwenda, akakinunua peke yake kile alichokichuma, huyo ni tajiri, na yule ni kibarua, hata wakiandikiana kuwa ni wageni wawili waliokutana njiani. Karatasi yaweza kumdanganya karani. Haimdanganyi Mwenyezi Mungu.

NA PWANI JE?

Asidhani mtu wa pwani kuwa khabari hizi ni za Wazungu, akazisoma kama asomaye hadithi. Tangu utumwa ulipoondolewa Unguja na Pemba kwa amri ya mwaka 1897, mashamba ya karafuu yalisimama kwa mikono ya kukodi: Wanyamwezi waliotoka bara, na Wahadimu na Watumbatu waliotoka vijijini kwao wakati wa mavuno, wakalipwa kwa pishi. Na hata leo, msimu mkubwa ukifika Pemba, watu huvuka maji kwenda kuchuma.

Kazi yenyewe inajulikana. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake hukatika ghafula bila ya kumuonya aliyelikanyaga. Mchumaji hupanda asubuhi na umande haujakauka, akavuta vishada kwa kamba, akashuka jioni mgongo umekakamaa. Kisha hukaa kuchambua, akazitenga karafuu na makonyo, ndipo zikapimwa. Na hapo penye kipimo ndipo penye moto. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kwa jina la wenye kupunja, akawatishia maangamizo wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Basi mwenye kupokea kwa mchumaji pishi yenye kilima, akailipa kwa bei ya pishi ya mfuto, na ajue kuwa sura hiyo inamsema yeye. Iwe ni pishi, au kopo, au mizani, hukumu ni moja.

Wala kupunja si katika kipimo tu. Kuna kupunja kwa siku: mtu aliahidiwa kulipwa kila Alkhamisi, akaambiwa angoje karafuu zikauke; zilipokauka, akaambiwa angoje ziuzwe; zilipouzwa, akaambiwa tajiri amekwenda mjini. Na huonekana mtu amesimama safu ya kwanza sala ya Ijumaa, nguo yake nyeupe na tasbihi mkononi, na barazani kwake wamekaa watu wanne wakingoja ujira wa wiki tatu, hawana nauli ya kurudia kwao. Sala yake haifai kudharauliwa. Lakini na aogope asiwe yule ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, amemueleza kuwa ndiye muflisi hasa: mtu atakayekuja Siku ya Kiama na sala na saumu na zaka, kisha wadai wake wagawiwe mema yake, huyu hivi na huyu hivi, hata yakiisha na madeni hayajaisha, atwikwe maovu yao.

Na zaidi ya hayo, watu wa pwani wenyewe ni wageni wa watu. Hapana mji wa pwani usiokuwa na binti au kijana aliyekwenda Oman, au Saudia, au nchi nyingine za Arabuni kutafuta riziki. Mzazi akipata khabari kuwa mwanawe amezuiliwa hati yake ya safari, na ujira wa miezi haujalipwa, hukosa usingizi, akamlilia Mungu usiku. Basi mzazi huyo na akumbuke kuwa kijana aliyelala katika banda lake la karafuu, bila ya jamvi wala chandarua, naye ana mama. Na mama huyo naye anajua kuomba dua. Mtume alipomtuma Muadhi kwenda Yemen alimuonya aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwani hapana pazia baina yake na Mwenyezi Mungu.

MAJIBU YA NYUDHURU

Nyudhuru zinazotolewa na watu katika jambo hili ni nne.

Udhuru wa kwanza: "Amekubali mwenyewe." Jawabu yake ni kuwa ridhaa ndiyo nguzo ya mapatano, na ridhaa haiwi ila kwa kujua. Aliyefichwa ujira, au muda, au kipimo, hakuridhia kitu, amebahatisha. Ndiyo maana wanavyuoni wakashurutisha katika ijara kuwa ujira ujulikane, na kazi ijulikane, ama kwa muda wake au kwa kiasi chake.

Udhuru wa pili: "Bei imeshuka, nimepata khasara." Jawabu yake ni kuwa kibarua si mshirika. Lau bei ingalipanda, asingaliongezewa hata senti moja, wala asingalikuwa na haki ya kudai. Basi ikishuka, kwa sharia gani atolewe sehemu ya khasara? Atakaye kugawana khasara na watu, na agawane nao faida tangu mwanzo. Kazi ikikamilika, ujira ni deni shingoni mwa mwenye shamba, na kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo ni dhulma.

Udhuru wa tatu: "Huyu si Muislamu, wala si mtu wa hapa." Jawabu yake imekwisha tangulia katika khabari ya Hijra. Na imepokewa kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wa watu watatu Siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hapakushurutishwa dini ya mwenye kuajiriwa, wala kabila lake.

Udhuru wa nne: "Kama si mimi, angelikufa njaa kwao." Huu ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa umevaa kanzu ya huruma. Riziki ya mgeni haikutoka kwa mwenye shamba. Imetoka kwa Mwenyezi Mungu, na mwenye shamba ni mlango tu. Na lau wachumaji wasingalikuja, karafuu zingalifunguka mitini, na stroberi zingalioza chini ya plastiki. Basi nani aliyemuokoa mwenziwe? Aliyelipwa kwa haki hadaiwi shukrani, na aliyelipa kwa haki hana la kusimanga.

YAMPASAYO MWENYE SHAMBA

Kwanza, autaje ujira kabla mgeni hajapanda chombo, wala si baada ya kufika, akiwa hana nauli ya kurudi. Na ajuaye kuandika aandike, mbele ya mashahidi.

Pili, kipimo kiwe kimoja kwa kupokea na kwa kulipa, na mchumaji awepo kinapopimwa.

Tatu, amlipe kwa siku waliyoagana. Mtume ameagiza kuwa mfanya kazi apewe haki yake kabla ya jasho lake kukauka, na jasho la mtu wa pwani lakauka upesi.

Nne, asimkopeshe kwa nia ya kumfunga. Na dalali aliyemleta alipwe na aliyemtuma, wala asilipwe kutoka mfukoni mwa mchumaji kwa siri.

Tano, ampe mahali pa kulala panapomsitiri, na maji, na choo. Wakiwa ni wanawake, wawe na mlango unaofungwa kwa ndani, na asiachwe mnyapara kuwaingilia wala kuwapa kazi kwa sharti ya haramu. Mwenye shamba akijua hayo akanyamaza, ni mshirika wa mnyapara wake.

Sita, asimtwike asichokiweza, na akimtwika amsaidie, kama alivyoagiza Mtume kwa watumishi, akawaita ndugu. Apewe nafasi ya sala. Akiugua atibiwe, na akianguka mtini, asitupwe kama kikapu kilichotoboka, hata pale ambapo kadhi hana la kumlazimisha tajiri. Dini haikukomea mlangoni mwa kadhi.

Saba, msimu ukiisha, dhamana yake isiishe mpaka mgeni awe na njia ya kurudi kwao. Amemvusha maji kwa haja yake. Asimuache ng'ambo baada ya haja kwisha.

KHATIMA

Katika khabari iliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwako watu watatu waliofungiwa pangoni na jabali. Kila mmoja akamuomba Mungu kwa amali yake njema, na wa tatu wao alikuwa mtu aliyeajiri vibarua. Mmoja katika vibarua wake alikwenda zake bila ya kuchukua ujira wake, nao ni kipimo cha mchele. Mtu yule hakuula. Aliupanda, na mazao yake akayapanda, hata ukawa ng'ombe pamoja na mchungaji wake. Baada ya muda kibarua akarudi kudai haki yake, akaonyeshwa mali yote ile; akadhani anafanyiwa mzaha. Akaambiwa ni yake, akaiswaga yote, asiache kitu. Na kwa amali hiyo jabali likasogea, nao wakatoka.

Na azingatie kila mwenye shamba. Pangoni mle hapakuokoa shamba, wala bei ya mavuno, wala sifa za watu. Kilichosogeza jabali ni ujira wa kibarua uliohifadhiwa kwa amana, wakati mwenyewe hayupo na hapana aonaye. Na kila mtu analo jabali lake mbele, siku atakayofungiwa chini ya ardhi peke yake. Basi na atazame leo, kabla ya siku hiyo, kama yuko mchumaji popote, Pemba au Tanga au nchi ya mbali, ambaye bado anamdai. Akiwa yuko, amtafute amlipe. Akiwa amekufa, awalipe warithi wake. Mlango wa kulipa bado haujafungwa.

Ewe Mola, uliyemlisha Musa ugenini Madyan, warehemu wageni wote waliomo mashambani mwa watu. Wape wenye mashamba khofu ya hisabu yako, na uwape wachumaji ujira wao duniani kabla ya Akhera. Warudishe mama kwa watoto wao kwa salama, na uwasamehe Waislamu waliyoyakosa kwa kutojua. Amin.

Wallahu aalam.

TAMATI